Kuhama nyumba huku kaa wa makome wamejifukia kujivua gamba: Tanga kwenda Bagamoyo

Mwambao wa Chumbageni
Wakuu, salaam aleikum. Uzi huu ni wa wafugaji wa kaa wa makome, wale wa nchi kavu wanaotembea na kome la konokono mgongoni. Kaa wa kuliwa wana uzi wao.

Kesi iko hivi. Tangi la kioo sm 90 kwa 45, kimo sm 45. Mchanga umejazwa kina cha sm 20. Kaa ni sita. Wawili wako juu, wanakula vizuri. Wanne wamejifukia: wawili wa wastani wako wiki ya tano, mmoja mdogo ana siku tisa, na mmoja mkubwa, kome lake kama ngumi, ana wiki saba. Nyumba inakabidhiwa mwisho wa mwezi, zimebaki siku 19. Safari ni ya Bagamoyo kupitia Segera na Msata. Wafukuliwe? Tangi libebwe lilivyo? Au kuna njia nyingine?

BiMakumbi
Waaleikum salaam, mwanangu. Njia nyingine ipo, na ndiyo ya kwanza: hama wewe, wao wabaki. Tanga husemwa waja leo waondoka leo, lakini kaa aliyejifukia hamo katika msemo huo.

Wengi hudhani kaa aliye chini amelala tu. Kabla ya kushuka hula na kunywa kupita kawaida, akaweka maji na mafuta tumboni. Akishuka huchimba pango dogo, na kuta za pango hilo ni mchanga ulioshikana kwa unyevu, basi. Humo ndimo gamba la zamani linapopasuka, akachomoa miguu, magando, vipapasio, mpaka ngozi ya macho. Anayetoka ni laini kuliko halua. Hujijaza maji ili gamba jipya litanuke kabla halijakaza, kisha hukaa pale pale akilitafuna gamba la zamani, kwa kuwa chokaa ya kukazia jipya imo humo.

Sasa piga picha mtu anaingiza mwiko. Pango likiporomoka mchanga unamlalia akiwa hana kinga. Mguu unakauka umepinda, au matamvua anayopumulia yanabanwa. Ukimtoa ukaliacha gamba la zamani, umemnyima chokaa. Ukimweka na wenzake, harufu ya aliyetoka kujivua gamba kwao ni harufu ya kitoweo.

Muda: mdogo wiki 3 hadi 6. Wa wastani wiki 6 hadi 8. Mkubwa wa ngumi miezi miwili mpaka minne, na akipitiliza usishtuke. Kwa hiyo siku zako 19 zinaweza kuwatosha wale wawili wa wastani. Mkubwa usimtegemee. Huyo mdogo wa siku tisa ndiye wa kuogopa zaidi, kwani siku ya kukabidhi nyumba atakuwa na siku 28, na hakuna ajuaye kama atakuwa amekwisha kukaza au ndiyo kwanza laini.

Tafuta jirani au ndugu aliye hatua chache, tangi libaki kwake miezi mitatu. Kulisogeza mita 30 kwa mikono, polepole, si sawa na matuta ya kutoka Muheza mpaka Msata.

Kusi_na_Kaskazi
Naunga mkono Bi Makumbi. Niongeze kwa huyo mlezi, maana wenye nia njema ndio huwaua. Kazi yake ni nne tu. Abadilishe maji ya bakuli mbili, ya baridi na ya chumvi, kila baada ya siku mbili. Asome kipima unyevu: asilimia 75 hadi 85, na ikishuka chini ya 70 kaa anaanza kukosa pumzi kwa sababu matamvua yake hufanya kazi yakiwa na unyevu. Aangalie joto lisizidi nyuzi 30, yaani tangi lisikae dirishani. Ya nne, asichimbe. Hata akiona kimya mwezi mzima. Andika kwenye karatasi, bandika kwenye kioo: USICHIMBE.

Na wale wawili walio juu watoe leo, uwaweke kwenye chombo kingine. Sababu ni mbili: wasichimbe wakaingia kwenye mapango ya wenzao, na wasije nao wakashuka wiki moja kabla ya safari ukabaki na mzigo wa sita badala ya wanne.

Kijana wa Ngamiani
Hii ya kujivua gamba nilidhani ni kaulimbiu ya CCM ya 2011 tu 😂 kumbe na kaa wamo.

Kusi_na_Kaskazi
Tofauti ni kwamba kaa hujivua kweli. Tuendelee na mada.

Fundi Vioo Bgyo
Naomba niseme upande wa tangi, maana hapo ndipo watu hupasua. Sm 90 kwa 45 kwa kina 20 ni lita 81 za mchanga. Mchanga mbichi uliochanganywa na vumbi la makumbi unakaribia kilo 1.7 kwa lita. Hesabu: karibu kilo 140, bado kioo chenyewe. Huo si mzigo wa watu wawili.

Tangi la kioo limejengwa kubeba uzito likiwa limekaa juu ya meza iliyonyooka. Ukilinyanyua kwa kushika pembe mbili, kitako kinapinda katikati na silikoni ya kona inaachia. Wakati mwingine halipasuki hapo hapo. Linapasuka usiku, tayari liko sebuleni, ukiamka ufa umetoka kona hadi kona. Kama hakuna budi kulibeba na mchanga:

Plaiwudi ya mm 18, ikatwe kubwa kuliko kitako kwa sm 5 kila upande. Juu yake kipande cha godoro gumu cha sm 2, si kile laini cha kudidimia, kwa sababu kona ikizama kuliko nyingine tayari kioo kinajikunja. Kuliingiza tangi juu ya ubao: usilinyanyue, lisukume. Weka ubao usawa mmoja na meza, watu wawili wasukume taratibu kutoka nyuma, wawili wapokee. Kama meza ni ya juu, pandisha ubao kwa matofali mpaka zilingane. Toboa plaiwudi pembeni, pitisha kamba ya mkonge, fanya mishikio minne. Watu wanne, mmoja kila kona, na mmoja anahesabu. Wanyanyue kwa pamoja, washushe kwa pamoja. Weka pima maji juu ya mfuniko, atakayeteremsha kona yake aonekane.

Mawe, magogo, bakuli za maji, kila kilicho juu ya mchanga kitoke kwanza. Bakuli likimwagika maji hushuka hadi kitako, na hapo chini ndiko walipo.

Mchimba_Chini
Fundi umesema kweli kuhusu kitako. Mimi nina pendekezo la kupunguza uzito. Kata kitako cha ndoo ya lita 10, izamishe mchangani kuzunguka pale kaa aliposhukia mpaka ifike chini, kisha sukuma bati bapa chini yake. Unainua ndoo na kaa na pango lake, kama keki. Mchanga mwingine unauacha. Kilo 15 badala ya 140.

BiMakumbi
Hapana, mwanangu. Aliposhukia sipo alipo. Anaweza kuingilia kona ya kulia akaenda ubavuni mpaka katikati, tena akapindukia chini ya bakuli la maji kwa sababu pana unyevu mzuri. Ukingo wa ndoo unakata kama kisu, na yeye ni laini. Njia hiyo naikubali kwa hali moja tu: unamwona kupitia kioo, pango lote liko ukutani, na unajua limeishia wapi. Hata hapo acha sm 8 kila upande.

Mchimba_Chini
Nimekubali. Basi tuseme tafuta kwanza kwa tochi. Wengi hujenga pango likigusana na kioo cha ubavu au cha chini. Funika tochi kwa mfuko mwekundu wa plastiki, ngoja usiku, zima taa, pita kioo chote. Unaona uwazi mweusi, mara nyingine gando au mguu. Weka alama kwa kalamu ya wino mzito nje ya kioo, andika na tarehe. Ukishamaliza, funika pande zote kwa kanga nzito au karatasi nyeusi, mwanga usiwafikie.

Mwambao wa Chumbageni
Nashukuru sana, Bi Makumbi na wakuu wote. Swali: jirani amekubali, lakini kwa mwezi mmoja tu. Ikifika mwezi na mkubwa hajapanda? Na nitajuaje kwamba yu hai?

Kusi_na_Kaskazi
La uhai kwanza. Sawazisha mchanga kwa kiganja jioni, asubuhi tazama nyayo. Hizo zinakwambia nani amepanda, hazikwambii aliye chini. Kwa aliye chini unatumia pua. Kaa aliyekufa hutoa shombo kali, la samaki aliyeoza siku mbili juani, na haliishi, linaongezeka kila siku. Harufu ya udongo mbichi, ya makumbi, hata harufu kidogo ya bahari, siyo kifo. Ukipata shombo la kweli, chimba upande huo tu, kwa kijiko, kutoka ukutani kuelekea harufu.

Na ukimkuta mwili umelegea nje ya kome usiharakishe kumtupa. Inua taratibu: kama ni chepesi, kitupu ndani, kinapitisha mwanga, hilo ni gamba alilolivua, mwenyewe yuko karibu. Libakishe pale pale. Kaa wengi wamezikwa wakiwa hai kwa kosa hili.

BiMakumbi
Kama mwezi ukiisha naye yuko chini, na hakuna kabisa pa kumwacha, ndipo tunazungumza kufukua. Nitaandika namna yake, lakini mtu asiifanye kwa kuwa ameona imeandikwa.

Andaa kwanza chombo cha kila kaa: kontena la plastiki la lita 3 hadi 5 lenye mfuniko unaobana, matundu manne au matano tu ya msumari, maana matundu mengi hukausha. Ndani sm 7 za mchanga ule ule wa tangi. Usilete mchanga mpya, wa zamani una unyevu na harufu aliyoizoea. Kipimo cha unyevu: finya mkononi, mchanga ushikane kama donge la ubuyu, usidondoshe tone. Bonyeza kishimo katikati kwa ngumi.

Chumba kiwe na giza la jioni. Anza kona iliyo mbali na alama zako. Ondoa mchanga kwa mkono, tabaka la sm 2 kwa wakati, ukitoka nje kwenda ndani, si juu kwenda chini, ili dari la pango lisikandamizwe. Vidole vikikuta uwazi, simama. Tumia kijiko cha chai na brashi laini ya kupaka rangi. Mwinue kwa kome, usimshike mguu wala gando hata liwe limening'inia, linakatika. Chukua na mchanga uliomzunguka, na gamba lake la zamani lote, vipande kwa vipande. Mlaze kishimoni, mdomo wa kome uelekee juu kidogo ili asitoke. Gamba la zamani liwe mbele yake.

Usimfukie tena. Hilo ndilo kosa kubwa. Ukimwagia mchanga juu hana pango, ana kaburi. Mfunike kwa kifuu cha nazi, ukingo wake uzame sm 1 mchangani, apate giza na hewa. Funga, weka lebo, mahali penye joto la nyuzi 26 hadi 28. Hachunguliwi. Chakula na maji vidogo viwekwe nje ya kifuu baada ya siku tatu: dagaa wakavu wasio na chumvi waliopondwa, mfupa wa ngisi, ganda la yai lililosagwa.

Ukimkuta ametoka kabisa ndani ya kome, yuko uchi, mtie kwenye kikombe chenye maji ya bahari kimo cha nusu sentimita, kome lake mbele yake, funika giza. Usimsukumize ndani.

Dada wa Raskazone
Na aliyejivua juu ya mchanga? Hutokea hasa kama mchanga ni wa kina kidogo au mkavu.

BiMakumbi
Huyo usimgeuze hata ubavu. Kata dumu la lita 5 kitako na shingo, likite kumzunguka lizame sm 5, wenzake wasimfikie, juu funika kitambaa. Gamba lake abaki nalo. Siku ya safari huyo ndiye rahisi kuliko wote, kama una siku kumi za kumwacha akaze.

Konda wa Zamani
Usafiri. Wale wa kontena msiwatie kwenye buti la basi. Huko ni joto, moshi, na mizigo ya watu juu yake. Wa kontena wabebwe mapajani, juu ya taulo lililokunjwa mara nne. Hapo miguu yako ndiyo shokoapu. Usikae siti za nyuma, tuta moja pale nyuma ni matatu ya mbele. Na usielekeze tundu la kiyoyozi kwenye chombo, hewa ile ni kavu.

Kwa tangi zima ni kirikuu ya kukodi peke yake, au Kanta kama una vyombo vingine. Toyo na guta hapana, hata kwa mwendo wa mtaa hadi mtaa: hazina springi za kueleweka. Tangi likae mbele karibu na kabini, urefu wake ufuate urefu wa gari, chini godoro la futi nne kwa sita. Pembeni jaza nguo na mito, visiwe vyombo vya jikoni. Ondokeni saa 11 alfajiri. Dereva umwambie tangu kwenye bei, si njiani: matuta ya Muheza, Hale na Mkata yapitwe kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kutoka Msata hadi Bagamoyo ni kilomita 64 za lami, hapo ndipo madereva hujisahau.

Kusi_na_Kaskazi
Konda umenena. Wale wawili wa juu wao safari yao ni nyepesi: ndoo ya plastiki yenye mfuniko, chini sponji au taulo la pamba lililoloweshwa na kukamuliwa, kome moja la akiba kwa kila mmoja. Maji ya bakuli usiweke, yatamwagika na kuwazamisha. Mchanga wa kina pia usiweke, wasije wakaanza kuchimba. Lakini siku mbili tu kwenye hali hiyo. Kaa aliyekwisha anza kujiandaa, macho yamefifia kama yamepakwa maziwa na rangi imekuwa ya majivu, ukimzuia kuchimba haachi kujivua gamba. Atajivua hapo hapo juu ya taulo.

Mpenda Bahari
Samahani wakubwa, lakini hawa wanatoka ufukweni kwetu. Si muwarudishe tu pwani pale Raskazone, yaishe?

Dada wa Raskazone
Wazo si baya, ila si kwa aliye laini. Huyo ukimweka ufukweni ni chakula cha kunguru kabla hujafika barabarani. Pili, aliyekaa tangi moja na kaa wa kutoka mbali anaweza kubeba vimelea vya huko. Wa kwetu wa kawaida, Coenobita rugosus na Coenobita cavipes, aliyechukuliwa hapa hapa na kukaa na wa hapa hapa, akiwa amekwisha kukaza gamba na ni mzima, arudi pale pale alipotolewa, usiku, maji yakiwa yanajaa. Na kwa kuwa umefika hapo: makome matupu msiyazoe ufukweni kwa magunia, kila moja lina kaa anayelisubiri. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyopo hapa Tanga tangu 2009, usiokote kaa wala kome. Makome ya konokono wakubwa wa shambani yanapatikana tele baada ya masika, chemsha dakika 10, suuza, kausha. Kaa wanayapenda.

Fundi Vioo Bgyo
Kuhusu nyumba mnayofikia. Nyumba za kupanga hapa Bagamoyo hupakwa rangi mpya na kupuliziwa dawa ya mende siku moja kabla ya mpangaji kuingia. Kaa na mende wote ni wa jamii ya viumbe wenye miguu ya viungo, dawa inayomwangusha mmoja inamwangusha na mwenzake. Mwambie mwenye nyumba mapema chumba kimoja kisipuliziwe. Kama kimeshapuliziwa, osha sakafu na kuta kwa maji ya sabuni mara mbili, fungua madirisha wiki nzima. Dawa ya mbu ya kuchoma na ya kupuliza pia isiingie chumba hicho, tumieni chandarua.

Mchimba_Chini
Sisimizi! Nyumba mpya, njia mpya za sisimizi. Wanafuata harufu ya gamba lililovuliwa, wanaingia mchangani na kumtafuna kaa laini. Miguu ya meza iingie kwenye makopo ya maji yenye matone ya sabuni, na meza isiguse ukuta.

Kusi_na_Kaskazi
Maji ya kule nayo. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvichumvi, hayo hayafai kwa bakuli la maji baridi wala kwa lile la chumvi, yako katikati. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi kwenye beseni saa 24. Ya chumvi chota baharini, mbali na boti na mbali na mlango wa mto Ruvu, wala si siku ya mvua, chuja kwa kitambaa safi. Chumvi ya mezani usiikoroge ukadhani umepata bahari. Na masufuria ya shaba yakae mbali, shaba ni sumu kwao.

Mwambao wa Chumbageni
Nimewaelewa. Mpango: wawili wa juu wanahamishiwa chombo cha pembeni leo. Tangi linakwenda kwa jirani kwa mtindo wa Fundi, ubao na watu wanne, mita 40, siku mbili kabla ya kukabidhi nyumba. Wa wastani wakipanda ndani ya mwezi wanafuata kwa kontena. Mkubwa na mdogo jirani tutamwomba tena. Mchanga kabla ya kulisogeza niuongeze maji ili mapango yashike?

BiMakumbi
Usimwage maji. Chimba kwa kidole kona isiyo na alama hadi kitako, toa mchanga wa chini, ufinye. Ukishikana bila kudondosha, hauhitaji kitu. Ukimomonyoka, pulizia kwa chupa ya kunyunyizia pembezoni mwa kioo, maji yaliyokaa usiku mzima, nusu kikombe jioni na nusu asubuhi, siku tatu mfululizo, kisha ufinye tena. Ukikuta maji yametuama chini, hapo usilisogeze tangi kabisa, andika hapa kwanza.